Pori la Ramani na Pori la Kharumwa

Mwaka 2018 kampuni ya Expansive Worlds ya Uswidi iliuongezea mchezo wake wa kuwinda kwa kompyuta, theHunter: Call of the Wild, ramani mpya iitwayo Vurhonga Savanna. Neno la kwanza la jina hilo ni la Kitsonga, na maana yake ni mapambazuko. La pili wataalamu wa Ulaya hulitumia kwa karibu kila nchi ya nyasi yenye miti ya kutawanyika. Ramani yaonyesha nchi ya kusini mwa Afrika. Lakini wachezaji wengi, na vijana wetu miongoni mwao, huipokea kuwa ndiyo sura ya pori la Afrika nzima. Kwa hiyo si uonevu kuipima kwa macho ya watu wanaolijua pori jingine, yaani watu wa Kharumwa, wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita.

Kwanza tuutendee mchezo haki. Upepo umefikiriwa vema: mwindaji akisimama upande utokako upepo, mnyama huipata harufu yake akatoroka. Wanyama nao wana saa zao za kunywa, za kula na za kupumzika. Hayo mwindaji yeyote wa Kisukuma angeyakubali. Orodha ya wanyama ndiyo yenye kasoro. Springbok na choroa wa kusini ni wanyama wa nchi kavu za kusini mwa bara; tandala mdogo ni wa Afrika Mashariki, toka Tanzania hata Somalia. Kwa asili hawakutani kamwe, na hapa wamewekwa katika malisho mamoja. Ni kama mtu atwae maneno ya Kimvita na ya Kingwana, ayachanganye katika sentensi moja, kisha aiite lahaja.

Hata hivyo orodha yaweza kusahihishwa kwa siku moja. Kosa la ardhi ni zito zaidi, nami nililiona kwa msaada wa mtu mwingine. Nilikuwa Kharumwa nikikusanya majina ya aina za udongo, na mjukuu wa mzee niliyekuwa nikizungumza naye alikuwa akiucheza mchezo huo. Mvua ikanyesha katika ramani. Mwindaji akaendelea kukimbia.

"Mwalimu," mzee akaniuliza, "mvua imenyesha, mbona huyu anakimbia? Mbuga haimnasi?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, hapa pote ndiyo mbuga."

Akacheka. "Kama pote ni mbuga, basi mbuga haipo."

Alikuwa sahihi, nami nilikuwa nimesema Kiswahili cha vitabuni. Msukuma huipanga nchi kwa mteremko wake. Juu ni vilima vya majabali. Chini yake luseni, udongo wa mchanga. Kisha itogolo, udongo mgumu usiopitisha maji upesi. Na bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na hushika miguu ya mtu na ng'ombe wakati wa masika. Mpangilio wa namna hii ndio Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani alioupa jina la katena mwaka 1935, kutokana na kazi yake katika Afrika Mashariki. Katika ramani vilima vipo na mito ipo, bali majira hayapo. Mvua hunyesha na kukatika, na nyasi hubaki zilivyokuwa.

Jambo la pili ni kwamba pori hili halina historia. Barabara na nyumba zimo, wenyeji hawaonekani. Kwetu pori ni umri mmojawapo wa ardhi. Baada ya sotoka ya miaka ya 1890 kuua ng'ombe, vichaka vilienea, na mbung'o pamoja navyo. Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mdudu huyo chini ya C. F. M. Swynnerton, vichaka vikafyekwa, na katika miaka ya 1940 wanyama wa pori waliuawa kwa makusudi katika jaribio la kumnyima mbung'o chakula. Mpango wa Usukuma ulioanza mwaka 1947 uliwahamishia watu na mifugo upande wa Geita. Kisha, kuanzia mwaka 1986, mradi wa HASHI wa Shinyanga uliyategemea mashamba ya akiba ya malisho, yaitwayo ngitili, kuirudisha miti ileile iliyokuwa imekwisha. Karibu na Kharumwa miti mingine imegeuka matimba ya kuzuia kuta za maduara ya dhahabu. Mwindaji wa kwenye kompyuta hakuti hata kisiki.

Mchezo huu ukifasiriwa kwa Kiswahili, mfasiri ataandika "mbuga" bila kusita, maana watu husema "mbuga za wanyama". Neno lililokuwa la udongo na la mpunga litazidi kusogea kwenye maana ya bustani ya watalii. Ningependelea "savana" liachwe kwa ramani hizo. "Pori" lina kazi yake hata katika sheria, kama katika "pori la akiba". Na katika kamusi, chini ya "mbuga", udongo mweusi wa bondeni uandikwe kuwa maana ya kwanza, uwanda wa nyasi uwe wa pili.