Uanachama Kwanza, Sheria Baadaye: Mlango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki

Nchi inapoomba kuingia katika jumuiya ya kiuchumi, jambo linalostahili kutazamwa kabla ya mengine yote ni sheria zake za soko, yaani sheria za forodha, kodi, viwango vya ubora, vipimo, ushindani wa biashara, leseni na ajira, kwa kuwa hizo ndizo zinazoamua kama gunia la mahindi litavuka mpaka siku hiyohiyo au litalala hapo wiki nzima. Kazi ya kuzipitia sheria hizo, kuzilinganisha na zile za jumuiya na kurekebisha zinazopingana nazo ndiyo inayoitwa uwianishaji wa sheria, na swali kubwa linaloizunguka ni la wakati: je, ifanyike kabla ya nchi kupokewa au baada yake?

Umoja wa Ulaya ulichagua kuitanguliza. Kwa masharti yaliyowekwa Copenhagen mwezi Juni 1993, nchi mwombaji hutakiwa kuwa na uchumi wa soko unaofanya kazi na uwezo wa kubeba wajibu wote wa uanachama, na kila eneo la sheria hupewa sura yake ya majadiliano, ambayo haifungwi mpaka nchi ionyeshe kuwa sheria zake zimebadilika. Croatia ilianza majadiliano hayo mwaka 2005, ikapitia sura 35, na ikaingia rasmi tarehe 1 Julai 2013.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000, nayo ina masharti yake katika kifungu cha 3, yakiwemo utawala bora, ujirani wa kijiografia, uchumi unaoendeshwa na soko, na sera za kijamii na kiuchumi zinazopatana na zile za Jumuiya. Timu ya wataalamu hutumwa kuhakiki, taarifa hupelekwa kwa Baraza la Mawaziri, na Mkutano wa Wakuu wa Nchi hutoa uamuzi. Hata hivyo, neno “zinazopatana” limeachwa wazi mno, na hakuna ngazi inayoilazimu nchi kubadili sheria moja baada ya nyingine kabla ya kupewa kiti. Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga mwezi Aprili 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwezi Aprili 2022, na Somalia mwezi Desemba 2023, na kwa zote tatu sehemu kubwa ya uwianishaji iliachwa ifuate baada ya uanachama.

Rwanda na Burundi zilipita njia ya katikati, na njia hiyo inastahili kukumbukwa zaidi kuliko inavyokumbukwa sasa. Nchi hizo zilikuwa wanachama kamili kuanzia tarehe 1 Julai 2007, lakini zilianza kutekeleza Umoja wa Forodha tarehe 1 Julai 2009, hivyo zikapata miaka miwili ya kupanga upya viwango vya ushuru, kuwafundisha maofisa wa forodha na kuwapa wafanyabiashara muda wa kujua kinachokuja.

Ili msomaji aone ugumu ulipo, ni lazima zitofautishwe aina mbili za sheria za Jumuiya. Aina ya kwanza ni zile zilizotungwa kwa ajili ya nchi zote kwa pamoja na zinazotumika moja kwa moja, ambazo mfano wake mkuu ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, inayosimamia ushuru wa pamoja, yaani kiwango kimoja ambacho nchi zote wanachama huitoza bidhaa inayotoka nje ya Jumuiya: sifuri kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na tangu tarehe 1 Julai 2022 asilimia 35 kwa bidhaa zinazohitaji ulinzi zaidi. Aina ya pili ni ahadi zilizomo katika Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ambayo inaruhusu bidhaa, watu, wafanyakazi, huduma na mitaji kuvuka mipaka, lakini inaiachia kila nchi, kwa kifungu cha 47, kazi ya kuwianisha sheria zake yenyewe. Aina ya kwanza huingia nchini kwa kishindo na kuonekana, ilhali ya pili hutegemea bunge la kila nchi na utashi wa kila wizara, na huko ndiko inakokwama.

Congo ndiyo mfano mzito kuliko yote. Katiba yake ya mwaka 2006, katika kifungu cha 215, inaupa mkataba ulioridhiwa na kutangazwa nguvu kuliko sheria za kawaida, jambo linaloweza kumfanya mtu adhani kwamba kazi imekwisha mara tu hati ya kuridhia inapowasilishwa. Lakini mkataba hauwezi kumwambia ofisa wa forodha wa mpakani Kasumbalesa atumie fomu gani, wala kumwambia hakimu wa biashara afuate kanuni ipi. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2012 nchi hiyo imo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika, nyingi zikiwa zinazotumia Kifaransa, zenye sheria moja za kampuni, dhamana na ufilisi zinazotokana na mapokeo ya kisheria ya Ufaransa, wakati Tanzania, Kenya na Uganda zimerithi mapokeo ya Uingereza. Congo imo pia katika jumuiya nyingine za kiuchumi: COMESA, SADC na Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Afrika ya Kati. Kuiingiza nchi yenye wajibu wa namna hiyo bila kuainisha kwanza ni sheria ipi itakayotangulia pale zinapogongana ni kuwatwisha wafanyabiashara mzigo ambao ulipaswa kubebwa na wanasheria wa serikali.

Mzigo huo unafika mbali na makao makuu ya Arusha. Igowole, katika wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, imo katika ukanda wa chai, mbao, mahindi na viazi, na bei ya mazao ya ukanda huo huamuliwa kwa sehemu na mipaka ambayo wakulima wengi hawajawahi kuiona. Lori linalobeba nafaka kutoka Mafinga kwenda Lubumbashi hushika barabara ya TANZAM kupitia Mbeya hadi Tunduma, hukatiza Zambia, na ndipo huingia Congo, na kwa kuwa Zambia si mwanachama wa Jumuiya, hata Congo ikiwianisha kila sheria yake, mzigo wa Nyanda za Juu Kusini unaopita njia hiyo bado utakutana na taratibu za nchi ya tatu.

Wala isidhaniwe kwamba wanachama wa zamani wamemaliza kazi. Kiwango cha Jumuiya kwa mahindi kinataka sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka iliyohifadhiwa na unyevu, isizidi mikrogramu 10 kwa kila kilo, na wanachama hao wamekikubali. Hata hivyo mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumu hiyohiyo, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti ya usajili wa waagizaji na vyeti vya upimaji. Kuandika kiwango kimoja kulikuwa kazi rahisi. Kilichokosekana ni utaratibu wa nchi moja kukiamini cheti cha maabara ya nchi nyingine. Kwa viazi, kanuni za Kenya za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, wakati nchini Tanzania kikomo ni kilo 100, na lumbesa, lile gunia linaloshonewa kichwa juu ya kipimo, bado linamnyonya mkulima pande zote mbili. Mwezi Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo ununuzi wa mazao shambani, na Kenya ikalalamika kwamba hatua hiyo inakwenda kinyume na Soko la Pamoja. Aidha, kila mwaka wa bajeti mawaziri wa fedha huruhusiana kuuacha ushuru wa pamoja kwa bidhaa fulani kwa mwaka mmoja, na ruhusa hizo zimezidi kuwa desturi.

Kwa hiyo nchi mpya inayotazama ndani ya Jumuiya huona waliotangulia wakichagua sheria za kufuata, na ni vigumu kuidai nidhamu ambayo wao hawana. Ni kweli kwamba Umoja wa Ulaya uliweza kuwasubirisha waombaji kwa sababu ulikuwa na fedha za kuwasaidia kubadilika, na kwamba kuisubirisha Congo, yenye watu zaidi ya milioni 100, kungeweza kuiacha nje kwa miaka mingi. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini kati ya kusubiri bila mwisho na kupokea bila masharti kuna njia iliyokwisha kujaribiwa: tarehe moja ya uanachama na nyingine ya forodha, kama ilivyofanyika kwa Kigali na Bujumbura, pamoja na orodha ya sheria zinazopaswa kubadilishwa, kila moja ikiwa na mwaka wake na wizara inayowajibika. Somalia, iliyowasilisha hati yake ya kuridhia tarehe 4 Machi 2024 na ambayo bado inajenga taasisi zake za kodi na viwango, inahitaji orodha hiyo ichapishwe hadharani, ili mnunuzi wa chai aliye Mogadishu na muuzaji aliye Mufindi wajue ni lini na kwa ushuru gani wataanza kufanya biashara.