Babu Hakuzaliwa 1961: Kutafuta Ukoo kwa Vitabu vya Kanisa

Hapa chuoni Dubai nina rafiki Mwemarati ambaye akianza kutaja jina lake hufika hadi babu wa tano. Aliponiuliza langu, nilikwama kwa babu wa kwanza. Nikaona haya, nikaanza kutafuta. Kwa kuwa wazee wangu ni Wamennonite wa Shirati, mkoani Mara, nikaanzia kanisani.

Historia kwa ufupi: jina hilo latokana na Menno Simons, padre wa Uholanzi aliyeacha Ukatoliki mwaka 1536. Wamisionari kutoka Lancaster, Pennsylvania, walifungua kituo chao cha kwanza Tanganyika hapo Shirati mwaka 1934. Askofu wa kwanza Mwafrika, Zedekia Kisare, aliwekwa wakfu 1967.

Binamu yangu alinitumia picha ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo: jina la babu, mwaka 1961. Mimi, injinia mzima, nikaandika "kuzaliwa 1961". Nilipompigia shangazi alicheka sana. "Mwanangu, baba yako kazaliwa 1958. Mtoto kamtangulia baba?"

Kumbe Wamennonite hawabatizi watoto wachanga. Mtu hubatizwa akishafundishwa na kukiri imani mwenyewe. Kwa hiyo tarehe ile inaonyesha siku mtu alipoamua, siyo alipozaliwa. Ukitaka umri, uliza matukio: alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa vita, au wakati wa uhuru?

Pili, majina. Wengi walichukua jina la Biblia siku ya ubatizo, na kwetu Wajaluo ndugu wa tumbo moja huenda wasiwe na jina la pili linalofanana. Tafuta kwa majina yote, pamoja na jina la baba na la kijiji.

Tatu, usiharakishe kusema "hayumo". Jina la baba yake babu sikuliona popote, nikadhani hakuwa mtu wa kanisa. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Alikuwa na wake wawili, asingebatizwa. Lakini mawe ya kanisa lile alibeba yeye." Enzi zile wamisionari wengi hawakumbatiza mume wa wake wengi. Kitabu kinawataja waliobatizwa, siyo wote waliokuja.

Nne, barua na picha za wamisionari zilikwenda Pennsylvania, na habari nyingi zilichapwa katika jarida lao, Missionary Messenger. Hapo pia waweza kukuta jina la mzee wako.

Jamani, karatasi zitatungoja. Shangazi yangu ana miaka 78, na habari ya yale mawe haijaandikwa popote ila hapa. Wewe wako umempigia lini? Saa za kwao na za Dubai zinapishana saa moja tu. Piga leo, na kalamu iwe mkononi.