NYUMBA ILIYOJENGWA KWA MIAKA AROBAINI

Watu wengi hujenga nyumba mara moja, wakahamia, wakatulia. Sivyo alivyofanya Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa Marekani.

Katika shamba alilorithi kwa baba yake, jimboni Virginia, kilikuwapo kilima alichokipenda tangu ujana. Mwaka 1768 aliamuru kilele chake kisawazishwe, na mwaka uliofuata ujenzi ukaanza. Mahali hapo alipaita Monticello, maana yake kwa Kitaliano ni "kilima kidogo". Hakupata kusomea kazi ya ujenzi. Alijifunza vitabuni, hasa katika maandishi ya Mwitaliano Palladio, akachora ramani kwa mkono wake mwenyewe.

Kilimani palipendeza macho, lakini maji yalikuwa taabu. Kilichimbwa kisima cha futi 65, nacho kilikauka mara kwa mara. Hatimaye yalijengwa mabirika 4 ya kutegea maji ya mvua.

Tangu 1784 hata 1789 Jefferson alikaa Ufaransa kwa kazi ya serikali yake. Huko Paris aliona jumba lenye kuba, likamvutia mno. Aliporudi, nyumba yake hakuiridhia tena. Mwaka 1796 alianza kubomoa sehemu yake na kuijenga upya, kubwa zaidi, yenye kuba juu. Kazi haikukaribia kwisha ila mwaka 1809, alipoacha urais.

Lakini yafaa ikumbukwe ni mikono ya nani iliyoijenga. Mtu huyu, aliyeandika mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Wao ndio waliochimba, wakabeba na kufyatua matofali. Mmoja wao, John Hemmings, alikuwa seremala hodari, na kazi yake ya mbao ingali ikisifiwa.

Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826, akiacha deni la zaidi ya dola 100,000. Mwezi wa Januari 1827 ulifanyika mnada: mifugo, vyombo, na watumwa pia, na jamaa nyingi zilitenganishwa. Nyumba yenyewe iliuzwa mwaka 1831.

Tangu mwaka 1923 nyumba hiyo imetunzwa na chama maalumu, na wageni huizuru. Wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga. Hapo Monticello, waliokaa matanga zaidi ni wale ambao hawakukopa kitu.