George Town: nyumba zilibaki, wenyeji walienda wapi?

Bandugu wa mugodi, sisi tunaijua kasiteriti ya Manono. Kule Malesia, kasiteriti ya Perak ilipelekwa Penang kuyeyushwa, na feza yake ilisaidia kujenga muji wa George Town: nyumba zenye duka chini na familia juu, zimeshikamana kwa musitari.

Muji ukakua, magorofa yakapanda. Mu 2008 UNESCO ikaandika George Town, pamoja na Melaka, katika urithi wa dunia. Mu eneo lile la zamani, jengo jipya halipashwe kupita metre 18.

Ni vizuri. Lakini tangu 2000 ile sheria iliyozuia bei ya kupanga nyumba kupanda ilikuwa imekwisha. Bafundi na wauzaji wadogo wengi wakashindwa kulipa, wakahama. Nyumba nyingi zikageuka hoteli na kahawa za watalii.

Sisi tunasema: nyumba bila wenyeji ni ganda tu. Kambi zetu za matofali nazo zina historia ya baba zetu. Siku watakuja kuzitengeneza, tuulize kwanza: nani atabaki ndani?