Faili moja, kompyuta tatu: Laare ilinifunza adabu

Ukiwa Laare, pikapu za miraa zikianza kuondoka, kaa kando ya barabara. Hazingojei mtu, maana miraa ikikaa siku mbili bei imeanguka. Lakini siku moja pikapu ilingoja, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa nimemtengenezea mama mmoja mfanyabiashara programu ya Access: nani ameleta mabunda mangapi, analipwa ngapi. Kwa laptopu yangu ilikuwa inaenda fiti. Ofisini kuna kompyuta tatu, basi nikaweka faili kwenye folda ya pamoja na makarani wote wakawa wanafungua hiyo hiyo kupitia waifai.

Wiki mbili, mambo shwari. Kisha stima ikapotea makarani wakiwa katikati ya kuandika. Iliporudi, faili ikakataa kufunguka.

Mzee mmoja aliyekuwa ameleta mzigo wake ukiwa umefungwa kwa majani ya mgomba akaniuliza, "Kijana, sasa pesa yangu imelala humo ndani?"

Sikuwa na jibu. Tulirudia hesabu kwa vikaratasi mpaka jioni.

Access haikuwa na makosa. Shida ni vile niliisambaza. Mkiwa watumiaji wengi, gawa faili mara mbili. Majedwali, yaani data yenyewe, yakae kwenye kompyuta moja. Fomu na ripoti ziwe kwenye faili nyingine, na kila karani awe na nakala yake ndani ya mashine yake, imeunganishwa na yale majedwali. Access yenyewe ina zana ya kugawanya hivyo. Ukirekebisha fomu, unapeleka nakala mpya tu, data huigusi.

Mashine isiyo na Access iwekee Access Runtime, Microsoft huitoa bure. Waifai achana nayo, vuta kebo. Kompyuta yenye data ipate UPS, na kila jioni weka nakala ya akiba kwingine. Na kumbuka faili moja haizidi GB 2. Ukikaribia hapo, hamishia data kwenye PostgreSQL au SQL Server Express, zote za bure.

Chuo niliacha, kwa hivyo somo hili nilipewa na yule mzee. Siku hizi, kabla sijakabidhi kazi, naweka data ya majaribio halafu nachomoa stima mwenyewe. Afadhali nijiulize mimi kabla mkulima hajaniuliza.