Mazoezi ya Polepole Yaliniachisha Ukuta

Mwaka jana niliteleza uani nikitoka kutawadha. Mfupa haukuvunjika, lakini hofu iliniingia. Tangu siku ile nikawa natembea nikishika ukuta, kama mtoto anayesimama dede.

Mwanangu akanionyesha mazoezi ya Wachina yaitwayo tai chi. Niliyacheka. Mtu huinua mikono taratibu, huhamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, na kuvuta pumzi kwa utulivu. Hapana mbio wala kuruka. Kumbe asili yake ni mchezo wa kupigana, uliokuzwa katika kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, katika karne ya 17. Mwaka 1956 serikali ya China iliufupisha ukawa wa mikao 24, ili kila raia aumudu.

Faida yake si maneno matupu. Mwaka 2012 wataalamu wa Oregon, Marekani, walitangaza habari za wagonjwa 195 wa Parkinson, yale maradhi ya kutetemeka. Waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24, walisimama imara zaidi na kuanguka mara chache kuliko waliojinyoosha viungo tu.

Nami sasa, kila baada ya sala ya Alfajiri, husimama barazani robo saa, kiti kikiwa karibu. Mama watoto husema napapasa upepo. Na niupapase! Ukuta nimekwisha kuuacha.

Wazee wenzangu, muulizeni daktari kwanza, kisha mjaribu. Haba na haba hujaza kibaba.