Miche ya Tomati Nyumbani: Matata Yake na Dawa Zake

Watu wengi wa migodini hawana nafasi ya kulima, lakini hula kila siku. Mchimbaji wa Rubaya au wa Walikale hununua tomati zilizopandwa na mwingine. Basi mwenye tomati nzuri hakosi fedha za chumvi na za masomo ya watoto. Lakini tomati nyingi hufa zikiwa bado changa, na fedha za mbegu zimekwisha potea. Kwa hiyo tazama kitalu chako kila asubuhi.

Udongo. Mwaka 2002 moto wa mlima Nyiragongo uliingia Goma, na viwanja vingi ni mawe matupu. Hata hivyo unaweza kuotesha miche. Twaa sanduku au beseni bovu, toboa matundu chini, tia udongo kimo cha sentimetre 15. Changanya sehemu mbili za udongo mweusi na sehemu moja ya mavi ya ng'ombe yaliyooza kabisa. Usitumie udongo uliotolewa katika shimo la mgodi, maana hauna rutuba. Wala usinyweshe kwa maji yaliyooshea madini. Tope lake hugandisha udongo, na penye dhahabu maji hayo yaweza kuwa na zebaki, nayo ni sumu.

1. Mbegu hazioti. Pengine umezifukia chini mno, au udongo ulikauka. Panda kwa kina cha sentimetre moja tu, katika mistari. Funika kwa majani makavu, nywesha polepole. Mbegu nzuri huota kwa siku 5 hata 10. Siku ile zinapochomoza, ondoa majani.

2. Miche ni mirefu, myembamba, myeupe. Imekosa jua. Usiiweke nyumbani wala chini ya migomba. Jenga kitanda cha fito na paa dogo la majani la kuzuia mvua kubwa, jua la asubuhi lifike. Ng'oa iliyosongana, uache sentimetre 4 kati ya mche na mche.

3. Shina huwa jeusi karibu na udongo, mche huanguka. Huu ni ugonjwa wa ukungu, na hupenda maji mengi na msongamano. Ng'oa miche iliyoanguka, itupe mbali. Nywesha asubuhi tu, tena kidogo. Kwa kitalu kingine, mwagia udongo maji yanayochemka kabla ya kupanda, uache upoe siku mbili.

4. Mche umekatwa usiku. Mwizi ni funza wa kijivu, naye hulala ardhini mchana. Fukua karibu na shina, umwue. Kisha zungusha ganda la mgomba kwenye kila shina.

5. Majani yana madoa. Madoa meusi yenye maji, yakienea upesi wakati wa baridi na mvua, ni ugonjwa ule ule wa viazi. Choma miche hiyo, wala usipande tomati karibu na viazi. Lakini kama majani yameungua siku moja baada ya mvua iliyopita katika moshi wa Nyiragongo, huo si ugonjwa. Osha majani kwa maji safi, na siku za moshi funika kitalu.

6. Mche hunyauka ukihamishwa. Ngoja wiki 4 hata 6, mpaka uwe na majani 4 au 5. Wiki ya mwisho punguza maji na kivuli, upate kuzoea. Hamisha jioni, pamoja na bonge la udongo, uache sentimetre 60 kati ya shina na shina. Kama unavuta tumbako, nawa mikono kwa sabuni kwanza, maana ugonjwa wa tumbako huingia katika tomati.

Mwisho, usipande mbegu zako zote siku moja. Weka akiba. Kitalu cha kwanza kikifa, cha pili kitakulisha.